Hereni za Bi Mkubwa

Bi Mkubwa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi hapo hapo nimekwama. Hali yako anaijua Mungu. Yangu ulikuwa ukiiuliza kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni, "Mudogo, umeamukaje?", nami nilikuwa nikikujibu kwa kugonga sufuria. Basi leo nakujibu. Nimeamka vibaya. Zaidi ya wiki sasa naamka vibaya, na sababu ni wewe.

Nimekaa studio kwenye kiti chako, kile ulichokifunga mguu kwa waya. Ni Ijumaa, Baba Mariamu yuko msikitini na mtaa umetulia. Nyumba mbili zilizobaki tupu ng'ambo ya barabara zimepata wapangaji, siwajui. Tangu embargo iondolewe, vile vikwazo vya nchi jirani, filamu zinapatikana, betri pia. Risasi bado tunazisikia upande wa Kinama, siku nyingine karibu, siku nyingine mbali. Wateja wengi ni wale wa picha ndogo za karangamuntu, maana siku hizi kutoka nyumbani bila kitambulisho ni kujitafutia balaa. Harusi ni chache ila zipo, na Jumamosi iliyopita ilikuwa ya Mariamu wako.

Nitafika huko. Kwanza acha niseme lile ambalo mtaa mzima ulilijua na mimi nilikuwa nikilikana: nilikuonea wivu. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Majike wanakaa, ila wanakanyagana. Nilikukuta katika nyumba ile una mume, mtoto na kamera. Harusi zetu unazijua, wanaume nje na shehe wao, wanawake ndani na ngoma yao, na mpiga picha mwanamume haingii ndani hata awe nani. Baba Mariamu alipiga nje, wewe ukapiga ndani. Nilipoolewa nikafundishwa kwa kamera ya zamani ya Baba Mariamu, nikawa wa pili ndani. Wa pili jikoni, wa pili studio, wa pili kila mahali. Nimemzalia wana watatu, na mpaka leo mtaa wetu wote wa Bwiza unamwita Baba Mariamu. Mimi mwenyewe namwita hivyo. Hata nikiwa na hasira naye nafoka, "Baba Mariamu!", na mtoto wako anaingia katikati ya ugomvi wangu.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa ile kamera yako ya kuzungusha kwa mkono, nzito kama jiwe la kusagia. Ukichungulia ndani yake, katikati kuna duara dogo lililogawanyika, nusu ya juu na nusu ya chini, na kitu unachokitazama kinaonekana kimevunjika hapo. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka vipande viwili vikutane. Wewe uliita kazi hiyo kuunga. Chumba kizima cha wanawake wanaopiga vigelegele kilinyamaza uliposema, "Tulieni, bado sijaunga." Kisha ukamwambia bibi harusi, "Mutoto, pumua." Ulichukua muda mrefu, Bi Mkubwa. Ulichukua muda mpaka nilitamani kukusukuma. Na ndani ya muda huo msichana aliacha kubana midomo, mabega yakashuka, akawa yeye. Hapo ndipo ulipobonyeza.

Na hereni. Hukukubali kumpiga bibi harusi asiye na hereni ndefu za mnyororo, zile zinazoning'inia mpaka karibu na bega. Akija na vipini vidogo ulimrudisha kwa shangazi zake wakamtafutie. "Hereni fupi haipendezi kwa foto," ulisema, na nani angekubishia? Ikawa fasheni. Bwiza na Buyenzi yote, msichana akichumbiwa, mama yake anaulizia sonara hereni za Bi Mkubwa. Nami nilinunua. Sikuwahi kukuambia. Nilizivaa siku za zamu yangu, nikidhani labda siri yako iko humo. Baba Mariamu hakusema kitu ila mara moja, aliponiambia zitanasa kwenye chandarua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikaa miaka sita nikingoja ulitie maji tembo lako, hukulitia.

Unaikumbuka siku Baba Mariamu alipoleta ile nyingine? Kamera mpya, nyepesi, inayojitafutia yenyewe. Ndani yake hakuna cha kuunga, kuna kisanduku kidogo tu katikati ya kioo. Unakiweka juu ya mtu, unagusa kidogo, lenzi inazunguka peke yake, inalia pii, kazi imekwisha. Akaniwekea mapajani mbele yako, akasema, "Hii ni yako." Yangu! Nilitembea nayo wiki nzima shingoni, mpaka sokoni, mpaka kwenye mboga. Nilikuringia, na nilihakikisha unaona. Nilijiambia: hatimaye kuna kitu alichonipa mimi, hakuanza kukupa wewe.

Halafu kamera yenyewe ikaniaibisha. Kwenye harusi ya kwanza bibi harusi alikuwa amefunikwa shela jeupe, na nyuma yake pazia jeupe. Nikagusa. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele, inalialia, haijui ishike wapi. Mama mmoja akasema, "Mashini yake inatafuta kibla!" Walicheka mpaka mpiga ngoma akaacha ngoma. Wewe hukucheka. Ulikuja ukasimama nami, ukasema kwa sauti ya chini, "Mashini inaona, mudogo, lakini haijui harusi ni ya nani. Muoneshe." Ungecheka tu kama wengine, ningekuchukia kwa amani.

Sasa nafika kwenye picha ya Idi.

Wewe na Baba Mariamu mlikuwa mmevaa vizuri, yeye kanzu mpya, wewe buibui lile lenye utepe wa zambarau. Uliniita uani ukasema, "Tupige na mashini yako. Sisi wapiga picha hatuna hata foto moja ya pamoja." Mkasimama mbele ya ukuta wenye kalenda, bega kwa bega, kukiwa na nafasi ya kiganja kati yenu. Nilichungulia. Kisanduku kilikuwa katikati, kati ya vichwa vyenu, juu ya kalenda. Nilijua la kufanya, wewe mwenyewe ulinifundisha: kipeleke kwenye uso wa mmoja, gusa, shikilia kidole, kisha rudi upange picha. Lakini yeye alikuwa amekuinamia kidogo sikioni, anakwambia neno, na wewe ulikuwa ukitabasamu tabasamu ambalo sijui lilihusu nini. Nikaacha kisanduku pale pale kilipo. Kikalia pii. Nikabonyeza.

Haikuwa bahati mbaya. Tangu siku ile mpaka leo sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Nililenga ukuta makusudi.

Picha ikarudi kutoka mjini. Kalenda inasomeka tarehe kwa tarehe, na nyinyi ni mafungu mawili ya moshi yamesimama. Nilikuletea mwenyewe, nimejiandaa kwa ugomvi. Ningeupenda ule ugomvi, nilikuwa na maneno yake tayari. Uliisogeza karibu na pua. Ukaipeleka mbali. Ukaifuta kwa ncha ya khanga, halafu ukajifuta macho. Kisha ukasema, "Imetoka muzuri, mudogo. Aksanti." Ukaitia kwenye fremu, ukaitundika juu ya kitanda chako, na kila Ijumaa ukawa unafuta kioo chake kwa kitambaa. Nilijua unanisuta. Niliona ndiyo njia yako ya kunishinda, kutundika ubaya wangu ukutani na kuusafisha kila wiki. Nilikuchukia kwa ajili ya kitambaa kile.

Ikaja embargo. Betri za kamera yangu zikatoweka mjini. Niliuliza kila duka mpaka yale ya Waarabu ambao hawakosi kitu, jibu moja tu, "Hakuna pile, mama, rudi mwezi ujao." Mwezi ujao haukuja. Kamera yangu ikawa pambo la kabati. Yako haikuhitaji betri wala kitu chochote, na nikawa nakufuata harusini nimekubebea mwavuli mweupe wa kutawanyia mwanga. Dawa zako za sukari nazo zikawa za kubahatisha. Ulikonda. Ulianza kunituma sana: "Mudogo, ni nani huyo anaingia?" "Mudogo, nitungie uzi kwa sindano." "Mudogo, bibi harusi ameweka mukono wapi?" Niliona umenigeuza mtumishi. Nilijibu kwa mkato, wakati mwingine sikujibu kabisa. Ulipofariki nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokuosha, na hata pale, Mungu anisamehe, nilisikia mmoja ananong'ona kwamba jicho kama lako halitapatikana tena mji huu, na wivu ukanipanda mikono ikiwa ndani ya maji yako.

Basi Mariamu akachumbiwa. Kijana wa Carama, mpole, fundi wa magari. Siku kumi kabla ya harusi binti yako akaniambia, "Mama mudogo, ndani utapiga we. Lakini mi nataka kamera ya mama. Apana ile ya kulialia." Nikajibu sawa, kana kwamba si kitu. Kamera hiyo sikuwahi kuishika ukiwa hai. Sikuomba, nawe ulijua kwa nini siombi.

Jumatano ya wiki iliyopita nikaitoa sandukuni. Nikachungulia. Ukungu. Sioni uso, sioni mlango, sioni hata dirisha lilipo, kila kitu kama nimetumbukia kwenye uji. Nikazungusha pete mpaka mwisho, nikairudisha mpaka mwanzo. Ukungu. Nikakutukana, Bi Mkubwa. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani kwako, kwamba umeiharibu makusudi ili mkono wangu usiguse chako hata ukiwa kaburini. Nilidhani hivyo kweli. Mtu humpimia mwenzake kwa kibaba chake.

Nikaipeleka kwa Baba Mariamu nimevimba. Aliipokea, akaigeuza, akapapasa kwa kidole kile kioo cha kuchungulia. Halafu akasema, "Ile haiko ya jicho lako." Akanionesha. Juu ya kioo kuna kioo kingine, kinene, kimekatwa mviringo na kugandishwa. Ulimpelekea fundi wa miwani wa Buyenzi akate kutoka kwenye miwani ambayo hatukuwahi kukuona umeivaa. "Alikuwa haone," akasema. "Kwanza kidogo, kisha sana. Sukari ilimukula macho. Akaniapisha nisiseme. Nani atamupa bibi harusi yake mutu asiyeona?"

Nikauliza, na zile picha? Akaniambia ulivyokuwa ukifanya. Uso hukuuona. Ulichoweza ni mstari, mstari wowote uliosimama wima, kwa sababu mstari uliovunjika hata jicho bovu linajua umevunjika. "Usitafute sura, tafuta mustari," ndivyo ulivyomwambia. Mnyororo wa hereni. Uliuzungushia pete mpaka vipande viwili vya mnyororo vikawa kimoja, kisha ukajivuta nyuma upana wa kiganja, kwa sababu jicho la mtu liko mbele ya sikio lake, na kwa kurudi hivyo jicho likaingia kwenye umbali ule ule hereni ilipokuwa. Nami nilidhani unajivuta nyuma kwa maringo! Mji mzima umevaa hereni zako, Bi Mkubwa. Mimi nimevaa hereni zako kitandani. Na zilikuwa fimbo ya kipofu.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani kidogo. Lakini mwenye wivu hajui kunyamaza, nikamwambia, "Angalau mimi ulininunulia kamera inayoona." Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. Alisema, "Nilimununulia yeye. Kwa sababu ya macho. Akakataa. Akasema mashini ikiona kwa nafasi yake, yeye atabaki kufanya nini. Akasema, mupe mudogo, ye ana haraka."

Mupe mudogo, ye ana haraka! Nimecheka na kulia kwa pumzi moja. Kitu pekee nilichokuringia nacho kilikuwa makombo yako, na uliniacha niringe. Wiki nzima, mpaka sokoni. Uliniangalia napita na kamera yako shingoni na hukusema neno.

Ndipo akamalizia, naye hakujua anachonifanya. Akasema, "Ile foto ya Idi ndiyo ilimuvunja. Aliniuliza, iko wazi? Nikaona nikisema haiko wazi mutagombana nyinyi wawili. Nikasema iko wazi. Tangu siku ile akaniambia, basi, macho yangu yamekwisha, hata sura yangu na yako sioni tena."

Nilichukua kamera nikatoka.

Alitaka kuking'oa kile kioo kinene ili nione vizuri. Nilikataa. Kama wewe uliunga nacho, nami nitaunga nacho. Huo haukuwa upendo, usijidanganye, ulikuwa wivu. Siku mbili nilikaa uani nikiunga nguzo, mlango, kamba ya kuanikia nguo. Jumamosi Mariamu akakaa kwenye mkeka, hina mpaka viwiko, hereni zako mwenyewe masikioni. Wanawake walikuwa na haraka, maana wa Carama walitaka kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Nikasema, "Tulieni, bado sijaunga." Sauti ilinitoka kama yako, mama mmoja akashika mdomo. Ndani ya ule ukungu nikatafuta mnyororo. Ulikuwa umevunjika. Nikazungusha. Mlio mkubwa ukasikika upande wa milimani, wasichana wakaruka, hereni zikacheza, ikabidi nianze tena. "Mutoto, pumua." Akapumua. Mnyororo ukakutana. Nikajivuta nyuma upana wa kiganja.

Jana picha zimerudi. Nyingi ni ukungu, nisikufiche. Moja imekubali. Kope zake zinahesabika, na anaangalia kama alivyokuwa akikuangalia wewe. Jirani ameiona akasema, "Kama za marehemu." Sikufurahi. Nilitaka aseme kama zangu.

Kuna moja imebaki, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Mariamu alipokuwa anafunga vitu vyake aliishusha ile fremu kutoka juu ya kitanda chako, aende nayo kwake. Ndiyo picha pekee aliyonayo ya mama yake na baba yake. Akaitazama, akaniuliza, "Mama mudogo, kwa nini kalenda iko sawa na wao ni moshi?" Nami nikamjibu, "Ni mashini, mwanangu. Mashini haijui harusi ni ya nani." Nilichukua neno lako mwenyewe nikaufunikia ubaya wangu. Aliamini. Aliifunga kwenye khanga yako akaondoka nayo.

Kesho fungate yake inaisha, na ni mimi ninayekwenda Carama kumpelekea chakula, kwa kuwa mama yake ndiye mimi sasa. Anaweza kunifukuza. Nimemlea tangu ulipotutoka, ananiita mama hata kama anaongeza mdogo, na katika nyumba hii yote yeye ndiye kitu chako pekee ambacho sikuwahi kutamani kisiwepo. Nikimpoteza nitakuwa nimekipoteza kweli.

Sikuahidi kuacha wivu, utacheka. Nakuahidi hili. Nitaishusha fremu ukutani kwake, nitaweka kidole juu ya kalenda, nitamwambia: hapa ndipo nilipolenga, na nilijua. Akininyamazia nitakaa mpaka aseme. Nikitoka kwake, akiniita mama au asiponiita, nitapita makaburini niyaseme tena kwa sauti, maana barua huwezi kuisoma.

Nasikia viatu vya Baba Mariamu mlangoni. Miaka yote sikukuita jina ulilotaka nikuite. Lala salama, Dada. Ukungu wa picha ile ya Idi haukuwa wa macho yako.

Mdogo wako